Nataka kushona mwenyewe chandarua cha machela: vipimo, aina ya neti, na kuziba upande wa chini

mlalahewani

Wakuu, salaam.

Nina machela ya kulalia porini, ile bembea ya kitambaa inayofungwa kati ya miti miwili. Ni ya nailoni nyembamba, urefu mita 3.3, upana mita 1.5, ncha zote mbili zimekusanywa na kufungwa kamba. Juu yake inapita kamba ya mgongo ya mita 2.75 inayounganisha ncha na ncha, kwa hiyo machela inabonyea kwa kiasi kilekile hata miti ikiwa mbali au karibu. Chandarua ndicho sina.

Nataka kushona mwenyewe. Cherehani ninayo, ya kawaida ya nyumbani, inashona mstari na zigizaga. Nguo nashona bila shida, ila neti sijawahi kuipitisha chini ya sindano.

Ninachoomba kujua: je, ni lazima chandarua kizunguke machela yote, au kufunika juu kunatosha kwa kuwa chini yangu kuna kitambaa? Ninunue neti ya aina gani, mita ngapi? Niweke zipu au mlango wa chini? Na je, chandarua cha kitanda kinaweza kubomolewa na kushonwa upya kwa kazi hii?

Naomba vipimo kamili, nisije nikakata kitambaa kwa kukisia.

---

Kamba_na_Neti

Mkuu, tuanze na swali la kwanza, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Kufunika juu peke yake hakutoshi. Ukilala, nailoni ile inavutika na kugandamana na mgongo wako, na mbu anapitisha mdomo wake katikati ya nyuzi bila taabu. Mtu anajifungia juu vizuri kabisa, asubuhi anaamka na vipele mgongoni na mapajani, anabaki kutafuta tundu kwenye neti. Tundu halipo, ameumwa kupitia kitanda chenyewe. Chandarua cha machela kinalinda chini kwanza, juu baadaye.

Njia pekee ya kukwepa kuzunguka chini ni kuweka mkeka wa sponji mgongoni, au kutumia machela ya vitambaa viwili na mkeka ukaingia katikati, au kunyunyizia upande wa nje wa machela dawa ya permethrin ya asilimia 0.5, ile inayotengenezwa kwa ajili ya nguo, na kuiacha ikauke kabisa. Permethrin ikiwa mbichi ni sumu kali kwa paka, na kwa samaki ni sumu wakati wote, kwa hiyo fanya mbali na paka na mbali na maji. Lakini mkeka huhama usiku na dawa huisha nguvu. Mimi nasema zunguka chini.

Kuhusu neti, angalia tundu kabla ya kuangalia rangi au bei. Weka rula juu ya kitambaa uhesabu matundu kwenye sentimita moja. Yakiwa matano hivi, hiyo ni neti ya mbu, kipimo kilekile cha vyandarua vya kitanda, yaani matundu kama 24 kwa sentimita ya mraba. Inatosha kwa mbu, haitoshi kwa usubi. Usubi ana milimita moja mpaka tatu tu na anapenya hapo. Unapokwenda kama kuna usubi, tafuta neti laini ambayo matundu yake huwezi kuyahesabu bila kukodoa macho. Gharama yake ni hewa: neti laini inapunguza upepo, na usiku wa joto utalihisi hilo.

Neti ya shela ya harusi iache. Ni ngumu, inakwaruza, matundu yake mara nyingi ni makubwa, na likichanika moja mpasuko unakimbia.

Poliesta ni bora kuliko nailoni hapa, kwa sababu nailoni ikilowa inarefuka na chandarua kinakushukia usoni. Uzito wa gramu 24 kwa mita ya mraba ni mzuri kwa safari za kubeba begani. Ya gramu 30 ni rahisi zaidi kushona na inavumilia miiba, na kwa mtu anayeanza ndiyo ningemshauri. Rangi nyeusi unaona nje vizuri kupitia kwayo. Nyeupe inarudisha mwanga wa tochi machoni.

Sasa vipimo. Machela yako yenye kamba ya mgongo ya mita 2.75 inabonyea kati ya sentimita 75 na 90 ukiwa ndani. Kutoka kamba ya mgongo, neti inatakiwa ishuke, ipite ukingo wa machela ambao umetanuka kwa kuwa unalala kimshazari, kisha iingie chini mpaka katikati. Njia hiyo ni kama mita 1.4 kila upande. Neti ya upana wa mita 1.5 inakupa hiyo pamoja na upindo, kwa hiyo hulazimiki kuunganisha vipande. Urefu: mita 2.75 ya kamba, ongeza sentimita 10 kila ncha ili neti ifunike pale machela inapokutana na mkanda wa mti, ongeza na mishono, inakuja mita 3.0. Vipande viwili vya mita 3.0, yaani unanunua mita 6.

Kabla ya kukata, fungua neti uilaze mezani au sakafuni usiku mzima. Inapotoka kwenye gombo imevutika, na ukiikata hapohapo kesho yake itakuwa fupi. Halafu ivute kwa mikono pande zote mbili. Upande unaovutika kidogo ndio uende sambamba na kamba ya mgongo. Kwa kawaida ni upande wa urefu wa gombo, lakini hakikisha.

Weka vipande viwili juu ya kila kimoja. Ukingo wa juu ni mita 3.0 kamili. Ukingo wa chini, weka alama katikati yake, pima sentimita 60 kulia na 60 kushoto. Hiyo mita 1.2 itabaki wima wake kamili wa mita 1.5. Kwenye ncha zote mbili, pima sentimita 50 kutoka juu, kisha piga mstari wa mshazari kutoka hapo hadi mwisho wa ile mita 1.2. Kata. Umbo linafanana na mtumbwi ulioangaliwa ubavuni. Machela hupanda kuelekea ncha, hivyo ukiacha pembe za chini bila kuzikata utabeba neti ya bure inayoburura chini na kukusanya majani. Vibaki vinne vya pembetatu vitunze, ndivyo viraka vyako.

Kushona kunafuata mpangilio huu: mshono wa juu kwanza, mita 3.0 yote, ukiingiza ndani yake vitanzi vitatu vya utepe, kimoja katikati na vingine sentimita 110 kulia na kushoto. Vitanzi viangalie ndani, maana kamba ya mgongo inapita ndani ya chandarua. Halafu ncha: ule wima wa sentimita 50, acha sentimita 20 za juu wazi, ukunje pindo zake ziwe njia ya kupitisha kamba, shona 30 zilizobaki. Halafu mishazari minne inakuwa mishono miwili ya chini. Inabaki ile mita 1.2 ya katikati, na huo ndio mlango.

Mlango huo unakunjwa upindo wa sentimita 2 kuzunguka wote, mita 2.4, na ndani yake inapita kamba nyembamba ya milimita 2, urefu mita 3.2, na kile kidude cha plastiki chenye springi cha kubania kamba. Ncha za kamba zitokee upande wa ndani. Zikitokea nje, ukishalala hutaweza kuzifikia, na chandarua kizima kinakuwa hakina maana.

Kuingia: legeza mlango, pandisha neti mpaka kiunoni ukiwa umesimama katikati yake, kalia machela, ingiza miguu, inama upande mmoja uvute kamba mpaka tundu libaki la ngumi. Ukilala, uzito wako unaliweka tundu hilo chini ya kitambaa, limejikunja. Kidude cha kubania kikazwe, kisiachwe tu kwa sababu "tundu ni dogo".

Ukimaliza utakuwa na chandarua cha mita za mraba 7 na kidogo. Kwa neti ya gramu 24 ni gramu 175 hivi, ongeza kamba na utepe ikaribie 200.

---

sindano_sabini

Mkuu hapo juu ameeleza ukataji, mimi niongeze kuhusu cherehani, maana wengi wanaishia kuitupa neti kwenye hatua hiyo.

Sindano iwe namba 70 au 75, mpya. Sindano iliyokwishashona jinzi ina ncha butu, inasukuma uzi wa neti badala ya kupita kando yake, na unapata matundu marefu kandokando ya mshono. Uzi uwe wa poliesta. Wa pamba unaoza kwa unyevu, na kitu hiki kitalala na umande kila usiku.

Tatizo kubwa ni neti kumezwa na cherehani mwanzoni mwa mshono. Sababu ni kwamba ile sahani ya chini ina tundu pana kwa ajili ya zigizaga, na meno hayana cha kushika kwa sababu kitambaa chenyewe karibu chote ni matundu. Suluhisho ni karatasi. Kata karatasi laini nyembamba, vipande vya upana wa sentimita 5, viweke chini ya neti, shona juu ya vyote viwili, kisha chana karatasi ukimaliza. Itatoka kwa urahisi kama urefu wa mshono ni milimita 3. Ukishona kwa milimita 1.5 karatasi itang'ang'ania na neti yenyewe itakuwa imetobolewa mpaka imedhoofika. Anza kila mshono kwenye kipande cha kitambaa kigumu kilichowekwa kabla ya neti, ushone ukiingia kwenye neti bila kusimama, na shikilia ncha za nyuzi zote mbili kwa nyuma kwa sindano tano sita za kwanza.

Mkazo wa uzi wa juu upunguze. Ukiuacha ule wa kushonea suruali, mshono unajikunja na mita 3 inakuwa mita 2.8, na hapo mahesabu yote ya urefu yameharibika. Jaribu kwenye kibaki: shona sentimita 30, pima tena. Ikiwa imepungua hata sentimita moja, legeza zaidi.

Mshono upi? Neti haichanuki nyuzi, kwa hiyo hakuna haja ya kufunga kingo kama nguo. Kinachotakiwa ni nguvu. Mshono wa juu ubebe utepe: weka vipande viwili pamoja, ukingo kwa ukingo, kunja utepe wa upana wa sentimita 2 uvikumbatie vyote, shona mstari mmoja, kisha wa pili milimita 5 pembeni yake. Huo ndio unaobeba uzito wa chandarua chote, na vitanzi vyako vinashonwa kwenye utepe, kamwe si kwenye neti tupu. Mishono ya ncha na ya mishazari, tumia mshono wa kukunja: shona milimita 5 kutoka ukingoni, laza ukingo upande mmoja, shona tena juu yake. Kwenye mishazari neti inavutika kuliko popote, maana umekata dhidi ya nyuzi zake, kwa hiyo tumia zigizaga nyembamba, upana milimita 1 na urefu 2.5. Mstari ulionyooka hapo utakatika siku ya kwanza ukikaa na kujigeuza.

Usirudishe cherehani nyuma ili kufunga mshono ukiwa juu ya neti tupu. Kurudi na kwenda mara tatu sehemu ileile kunatengeneza tundu. Rudisha ukiwa juu ya utepe, au acha uzi mrefu ufunge fundo kwa mkono.

Pini haziwezi kazi hii, zinaanguka zenyewe na ukiziacha ndani utazipata kwa mguu. Tumia vibanio vidogo vya nguo, kila sentimita 20. Na pasi isikaribie. Ukilazimika, moto wa chini kabisa na kitambaa juu yake. Upindo wa neti unakaa ukiukunja kwa kucha tu.

Jambo dogo lenye faida kubwa: shona utepe mfupi wa sentimita 4 kwenye kila kona ambako mshono mmoja unakutana na mwingine, yaani pale ncha ya wazi inapoanza kushonwa, na pale mlango unapoishia. Mpasuko wote wa vyandarua hivi huanzia kwenye sehemu hizo nne, kwa sababu unapojipenyeza kuingia unavuta hapo kwa mwili mzima.

---

Turubai.Juu

Nijibu lile la chandarua cha kitanda. Inawezekana, na hesabu yake inakubali vizuri kuliko unavyodhani.

Chukua cha mstatili, siyo cha mviringo. Kipimo kimoja cha kawaida ni upana sentimita 160, urefu 180, kimo 150. Kuta zake nne ukizinyoosha ni 160 + 180 + 160 + 180, yaani sentimita 680, kwa kimo cha 150. Fumua mshono wa paa pande zote nne kwa kifumulio au wembe, fumua na mshono mmoja wa kona, umepata ukanda wa mita 6.8 kwa 1.5. Kata katikati: vipande viwili vya mita 3.4 kwa 1.5. Unahitaji mita 3.0 kwa 1.5. Paa linabaki lote kwa viraka na kwa vipande vya kuongeza upana.

Kuwa makini na mishono ya kona itakayobaki katikati ya vipande vyako. Ipange isiangukie kwenye ule mstari wa mshazari, na kama uzi wake umechakaa upitie upya. Baadhi ya vyandarua vina ukanda wa kitambaa kigumu chini. Ubakize, huo unafaa kuwa upindo wa mlango na unakuokolea kazi.

Mapungufu yake ni haya. Neti hiyo ni nzito zaidi, gramu 30 mpaka 40 kwa mita ya mraba kutegemea unene wa uzi, kwa hiyo kwa umbo lile la mtumbwi utabeba gramu 220 mpaka 290 bila kamba. Usubi anapita. Na vingi vimewekwa dawa ya viwandani. Dawa hiyo kwa kweli ni msaada, kwa sababu mbu akitua hapo anadhurika hata kama umeegemeza kiwiko kwenye neti, ila kipya kitandaze kivulini siku nzima kabla ya kukishona, nawa mikono baada ya kazi, na usijifutie jasho usoni kwa mkono huo. Mabaki yasitupwe mtoni wala ziwani, dawa za aina hiyo zinaua samaki. Kufua ni kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, kuanika kivulini, jua linaiua dawa haraka.

Na tafadhali, kiwe ni chandarua kisichotumika. Usibomoe anacholalia mtu nyumbani.

---

mlalahewani

Nashukuru sana wakuu, nimeelewa mpaka nimeshachora kwenye karatasi. Mawili yamebaki. La kwanza: goti langu linauma, kuingia kwa kuinuka kutoka chini sioni kama kutanifaa, naweza kuweka zipu ubavuni? La pili: sehemu za baridi huwa nafunga mfarishi chini ya machela. Unakaa ndani ya chandarua au nje?

---

sindano_sabini

Pole na goti ndugu. Zipu inawezekana, ila ishone kabla ya kuunganisha vipande viwili, kipande kikiwa bado bapa mezani.

Zipu ya koili namba 5, siyo namba 3. Namba 3 ni nyepesi, lakini neti inapovutwa pembeni meno yake yanaachana, na zipu iliyoachana gizani hairudi. Urefu mita 1.6 unatosha: mlalo, sentimita 75 chini ya mshono wa juu, ianzie sentimita 40 kutoka ncha ya kichwani. Ukiketi, ukingo wa machela unakuwa karibu na usawa huo na miguu inapita juu yake bila kunyanyuliwa sana. Weka vishikizo viwili vinavyovutika ndani na nje, vinakutana popote unapotaka.

Siri ya zipu isiyofanya mawimbi: usikate neti kwanza. Laza zipu imefungwa juu ya neti nzima isiyokatwa, ishike kwa mishono mirefu ya mkono kila sentimita 10, shona kando zote mbili kwa cherehani, na uvute zipu kidogo wakati neti imelala bila kuvutwa. Halafu geuza upande wa nyuma, kata neti katikati ya mishono miwili kwa mkasi mdogo, kunja kingo zake nje, shona tena ili zisije zikaingia kwenye meno. Ukikata kwanza, kingo mbili za neti zitarefuka kila moja kwa kiasi chake na zipu itakuwa kama nyoka.

Ncha zote mbili za zipu zifunikwe na kipande cha utepe kilichokunjwa, sentimita 4 kwa 4, kishonwe mraba. Kishikizo kikifika mwisho kinagonga hapo.

Ukiweka zipu, mlango wa chini huuhitaji tena, na kusema kweli hapo ndipo zipu inashinda. Endeleza mshono wa chini mpaka mwisho, chini pasibaki kamba wala tundu. Ila machela sasa itaingia kupitia zipu, ncha moja moja, ukiipenyeza kwenye matundu ya pembeni.

---

Kamba_na_Neti

Mfarishi ukae ndani ya chandarua. Ukikaa nje, neti inakuwa katikati yake na machela, inaacha nafasi, hewa baridi inapita hapo na mfarishi haufanyi kazi yake. Lakini kwa kipimo nilichokupa hakuna nafasi ya mfarishi mnene. Ongeza upana: shona ukanda wa neti wa sentimita 30 katikati ya vipande viwili kule juu, kwa hiyo kila upande unapata sentimita 15 zaidi. Mshono wa juu unakuwa miwili na kamba ya mgongo inapita katikati yake, vitanzi virefushe vifike pande zote mbili. Ukanda huo una faida nyingine: neti haianzi kama paa kali, inakaa mbali na uso. Kama wewe ni mpana wa mabega, uweke hata bila mfarishi.

Kuhusu kukaa mbali na mwili, hili halijasemwa bado. Neti ikigusa ngozi, mbu anauma kupitia tundu kana kwamba hakuna kitu. Shona kitanzi kimoja kila upande, nje, sentimita 65 kutoka juu, usawa wa mabega, kwenye kiraka cha utepe. Funga lastiki ya mviringo ya milimita 3 kutoka hapo hadi kwenye turubai au kigingi ardhini. Lazima iwe lastiki. Kamba ngumu itang'oa kitanzi ukijigeuza.

Ncha nazo. Ule uwazi wa sentimita 20 unafungwa kwa kamba yake kuzunguka pale machela ilipokusanywa, juu ya kitambaa, siyo juu ya mkanda wa mti. Mkanda ni bapa, neti ikibanwa juu yake inaacha pengo kila upande, na sisimizi wanaijua njia hiyo kabla ya mbu. Kitambaa kilichokusanywa ni cha mviringo, kinabanwa pande zote. Kamba ya mgongo ipite kwenye tundu hilohilo, usitoboe lingine. Sehemu yenye siafu au sisimizi, funga pia kitambaa kilichonyunyiziwa permethrin na kukauka kuzunguka kila mkanda, kati ya mti na machela. Kitambaa hicho hicho kinazuia maji ya mvua yasitiririke kwenye mkanda mpaka kitandani, ukiacha ncha yake ininginie sentimita 10.

---

Turubai.Juu

Kabla ya kwenda nacho popote, kifunge nyumbani usiku, zima taa, weka tochi ndani na wewe ukae nje. Mwanga unaonyesha kila pengo la mshono na kila pini uliyoisahau. Angalia hasa pembe nne alizozitaja sindano_sabini na mahali ambapo upindo wa kamba unaanza na kuishia. Kisha ingia, jigeuze pande zote, umpe mtu tochi azunguke nje na chini aangalie neti inakugusa wapi. Kiwiko na vidole vya miguu ndivyo vya kwanza.

Tundu dogo ukilikuta, kata kiraka cha mviringo, kizidi tundu kwa sentimita 2 kila upande, kishone kwa mkono kwa uzi mmoja. Kiraka chenye kona hunyanyuka kwenye kona. Porini utepe wa kubandika pande zote mbili, ndani na nje, unatosha mpaka urudi.

Kisikaribie jiko, mshumaa wala dawa ya mbu ya kuchoma. Poliesta haiungui kama pamba, inayeyuka na kudondoka, na wewe uko chini yake. Na usikifungashe kikiwa na umande. Kikilazimika kufungashwa kibichi, kitoe jioni hiyohiyo ukining'inize kwa vitanzi vyake vya juu, kisikunjwe juu ya kamba, maana mkunjo wa maji unaivuta neti iliyolowa mpaka inabaki na mfuko pale katikati.